Saratani Huanzia Wapi?

Siku moja baada ya darasa la alasiri, wanafunzi walipokwisha kutawanyika, kijana mmoja alibaki nyuma akijifanya anapanga juzuu rafuni. Ni kijana wa miaka kumi na miwili, na mama yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma kwa saratani ya titi. Aliponiona nimekaa peke yangu alinikaribia akasema, "Maalim, ugonjwa wa mama huambukiza?" Nikamwuliza sababu ya kuuliza. Akasema kuwa tangu mama yake alipolazwa mara ya kwanza hata alipokwenda mbele ya haki, hakupata tena kula naye sinia moja, kwa kuwa sahani na kikombe cha mama vilitengwa, na watoto wakakatazwa kuvigusa. Sasa alitaka kujua kama walifanya sawa.

Wasomaji watukufu, swali lile lilinielemea sana, kwani aliyetoa shauri la kutenga vyombo vile ni mimi. Bibi yake kijana alinijia kuuliza wakati binti yake yu mgonjwa, nami sikuwa na elimu ya jambo hilo, lakini niliona haya kusema sijui. Nikamwambia, "Tahadhari haidhuru, Bi Mkubwa, tengeni tu." Kumbe tahadhari yaweza kudhuru. Nilimwomba kijana anipe muda. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, wala sikusoma utabibu. Lakini nimesoma vitabu na nimewasumbua madaktari kwa maswali, na haya ndiyo niliyoyapata juu ya asili ya maradhi haya. Tangu hapo mwanzo nataka ijulikane kwamba wataalamu wenyewe hawajawa kauli moja, na hitilafu yao ni ya zaidi ya miaka mia.

Jina lenyewe ni la zamani. Saratani kwa Kiarabu ni kaa wa baharini, na Wayunani wa kale waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyo huyo katika lugha yao, kwa sababu waliona mishipa iliyovimba kuuzunguka uvimbe wakaifananisha na miguu ya kaa. Waliamini kwamba mwili una maji ya namna nne: damu, balghamu, safura na sauda, na kwamba saratani ni sauda iliyozidi ikaganda mahali pamoja. Tabibu wetu mashuhuri Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliifuata kauli hiyo, lakini kwa macho yake ya kitabibu aliona jambo lililo kweli hata leo, ya kuwa uvimbe ukiwa bado mdogo waweza kukatwa, na akikata mtu na akate mpaka nyama iliyouzunguka. Na Al-Zahrawi wa Andalusi, mpasuaji mkubwa wa zama zake, aliandika kwa uaminifu kwamba saratani iliyokwisha kuwa kubwa hakupata kuiponya yeye wala hakumwona aliyeiponya. Nayapenda maneno hayo. Mwanachuoni wa daraja ile hakuona haya kusema ameshindwa.

Sauda hiyo haikuonekana na mtu yeyote. Jambo la kwanza lililoonekana wazi lilikuwa masizi. Katika mwaka 1775, huko London, daktari Percivall Pott aliandika juu ya watoto waliokuwa wakifagia dohani za nyumba. Walikuwa watoto wa maskini, wembamba, wakipandishwa ndani ya dohani tangu utoto wao, na masizi yakiingia katika mikunjo ya ngozi ya sehemu zao za siri. Walipofika utu uzima baadhi yao walitokwa na kidonda cha saratani mahali hapo. Pott hakujua masizi hufanya nini ndani ya mwili. Hata mwaka 1892 daktari mwingine wa London, Henry Butlin, alichunguza kwa nini wafagiaji wa nchi nyingine za Ulaya hawapatwi sana kama wa Uingereza, akaona kuwa wale huvaa nguo za kubana na huoga. Na kile kitu chenyewe kilichomo katika lami na masizi hakikutengwa kikajulikana mpaka mwaka 1933. Tazameni tarehe hizo: kuoga kuliwaokoa watu zaidi ya miaka arubaini kabla sumu haijapewa jina.

Katikati ya miaka hiyo, Wajapani wawili wa Tokyo, Yamagiwa na Ichikawa, walipaka lami masikio ya sungura siku baada ya siku, kwa miezi mingi, na mwaka 1915 wakatangaza kwamba saratani imeota. Huo ndio ushahidi kwamba kitu cha nje chaweza kuianzisha. Lakini kinaanzisha nini? Hapo ndipo wataalamu walipogawanyika.

Kauli ya kwanza, ambayo ndiyo wengi wanayoishika hata leo, ni ya kwamba saratani huanza katika seli moja. Seli ni zile chembe hai ambazo mwili wote umejengwa nazo kama nyumba ilivyojengwa kwa mawe, na ndani ya kila seli mna maandiko ya urithi, yaitwayo jeni, yamepangwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu. Seli ikizaa nyingine, maandiko hunakiliwa. Sisi walimu wa chuoni tunajua unakili ulivyo: mtoto mmoja akikosea nukta katika ubao wake, na mwenziwe akanakili kwake, na wa tatu akanakili kwa wa pili, kosa hurithiwa, na makosa mapya huongezeka juu yake. Kosa likiangukia mahali panapoiamrisha seli lini izae na lini ikome, seli ile haikomi tena. Mwanazuoni wa Kijerumani Theodor Boveri ndiye aliyeliona jambo hili mapema, na hakuliona kwa wagonjwa bali kwa yule mnyama wa baharini mwenye miiba kama nungunungu, ambaye wavuvi wetu huogopa kumkanyaga miambani. Aliona kwamba yai lake likigawanya kromosomu vibaya, seli zitokazo huwa na kasoro, naye mwaka 1914 akaandika kuwa huenda hiyo ndiyo asili ya saratani. Hakuwa daktari, na madaktari wa wakati ule hawakumsikiliza sana. Alifariki mwaka uliofuata.

Kauli ya pili ilitokana na kuku. Katika mwaka 1911, Peyton Rous wa New York alichukua uvimbe wa kuku, akausaga, akauchuja kwa chujio lenye matundu madogo mno ambayo hata bakteria hawapenyi, kisha akamdunga kuku mwingine maji yale. Kuku wa pili akaota uvimbe ule ule. Basi kuna kitu kidogo kuliko bakteria, yaani virusi, kinachohamisha ugonjwa. Watu walimdharau wakasema ya kuku ni ya kuku. Miaka hamsini na mitano baadaye, mwaka 1966, akapewa zawadi ya Nobel akiwa na umri wa miaka 87, na hata siku hiyo alikuwa haikubali kauli ya makosa katika jeni. Lakini elimu haina upendeleo kwa mtu. Mwaka 1976 wataalamu wa California, Bishop na Varmus pamoja na wenzao, waliichunguza jeni inayoleta uvimbe ndani ya virusi vile vile vya Rous, wakakuta kwamba asili yake ni jeni ya kuku mwenyewe, iliyochukuliwa na virusi zamani ikaharibika njiani. Hivyo kuku wa Rous akawa shahidi wa upande wa pili. Rous hakuishi kuyaona. Alifariki mwaka 1970.

Nitazipitia upesi kauli mbili nyingine. Johannes Fibiger wa Copenhagen alisema saratani huletwa na minyoo, akatunukiwa Nobel ya mwaka 1926 kwa kazi yake juu ya panya. Baadaye ikadhihirika kuwa uvimbe wa panya wale haukuwa saratani hasa, na kwamba chakula chao kilikosa vitamini A. Alikosea kwa panya wake, lakini wazo lake si la kutupwa. Mwaka 1911 tabibu Ferguson alikuwa amekwisha kuonyesha, huko Misri, uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu, na jambo hilo limethibiti. Mayai ya mnyoo wa kichocho hujeruhi kibofu mwaka hata mwaka. Vijana wa Unguja, Pemba na mwambao mnaooga katika vijito na madimbwi, msione mkojo wa damu kuwa ni jambo la ujana litakalopita lenyewe. Dawa ya kichocho ipo, na ni ya siku moja. Ama Otto Warburg, Mjerumani, alishikilia mpaka kufa kwake mwaka 1970 kwamba asili ni kuharibika kwa pumzi ya seli, ikawa seli hula sukari kupita kiasi. Kweli seli nyingi za saratani hula sukari sana, na leo kuna mashine za hospitali zinazoutafuta uvimbe kwa alama hiyo. Lakini wengi wanaona kwamba ulafi huo ni matokeo ya ugonjwa zaidi kuliko asili yake. Nalitaja hili kwa sababu wapo wauzaji wa maji na unga wa magadi wanaolitumia jina la Warburg kuuza biashara yao kwa wagonjwa.

Sasa tuje kwetu Afrika ya Mashariki, kwani hapa ndipo kauli hizi zilipokutana mahali pamoja. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba mataya pande zote nne, juu na chini, kuume na kushoto. Hakuelewa. Muda mfupi baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatupa macho dirishani, akamwona mtoto mwingine amekaa majanini na mama yake, na uso wake ni ule ule. Mtu mwingine angalisema ni sadfa. Burkitt alianza kuuliza hospitali zote ugonjwa huu uko wapi na wapi haupo. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walifunga safari kwa motokaa kuukuu kutoka Kampala mpaka Johannesburg, wiki kumi, yapata kilomita 16,000, wakisimama kila hospitali na kuonyesha picha: "Mmepata kumwona mtoto kama huyu?" Walipoziweka nukta zao katika ramani, wakaona ugonjwa unafuata joto na mvua, na unakoma penye nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa kama ramani ya mbu.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa hotuba London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vya saratani. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenziwe, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kuwa wamekiona kirusi ndani yake. Basi upande wa virusi umeshinda? La. Ilidhihirika kwamba kirusi kile kimo katika miili ya zaidi ya watu tisa katika kila kumi duniani, wa Kampala na wa London sawasawa; hupita kwa mate, na wengi hukipata utotoni wasijue. Kama hicho peke yake kingetosha, sote tungalivimba mataya. Mwaka 1982 ikaonekana tena kwamba katika seli za uvimbe ule kromosomu mbili zimekatika zikabadilishana vipande, na jeni iamrishayo seli kuzaa imeangukia mahali isipostahili kuwa. Ni jambo la Boveri hilo. Na malaria je? Mtoto anayepatwa na malaria tena na tena, askari wa damu yake huzaliana mbio mbio bila kupumzika, kirusi kikapata nafasi na makosa ya unakili yakapata fursa. Kati ya miaka 1977 na 1982, huko Mara Kaskazini, Tanzania, watoto wadogo waligawiwa klorokwini ionekane kama saratani hii itapungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge, hivyo waliofanya kazi ile walikataa kutangaza ushindi. Ni ugonjwa mmoja, na ndani yake mna kirusi, mna mbu, mna jeni iliyovunjika. Tena ni saratani inayosikia dawa upesi: tangu miaka ya 1960 watoto wengi wa Uganda walipona kwa dawa za sindano, wakati ambapo saratani nyingine nyingi zilikuwa hazina tiba ya namna hiyo.

Ipo kauli nyingine, ambayo imeniburudisha akili kuliko zote. Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Boston, katika kitabu chao cha mwaka 1999, wanasema tumekosea kuitazama seli moja. Saratani ni kuharibika kwa ujirani, kama mtaa uliopoteza utaratibu. Hawakulianza jambo hili bila ushahidi. Mwaka 1975, Mintz na Illmensee wa Philadelphia walichukua seli za saratani za panya wakazitia ndani ya kiinitete cha panya kilicho kichanga kabisa. Seli zile zikatulia, zikajenga ngozi na damu pamoja na nyingine, na panya wakazaliwa wazima. Nami nimeona mfano wake chuoni: mtoto mtukutu aliyefukuzwa kwingine, ukimweka katikati ya wanafunzi wenye adabu, mara nyingi hutengenea. Si wote, lakini wengi. Na mwaka 2004 kundi la Soto lilichukua tishu za titi la panya, likatenga seli za ndani na nyama inayozizunguka. Walipoitia sumu nyama ya kuzunguka na kuziacha seli safi, uvimbe ukatokea. Walipozitia sumu seli na kuiacha nyama safi, haukutokea. Wengi katika wataalamu hawakukubali kuiacha kauli ya jeni kwa ajili ya hayo, nao wana hoja nzito, kwani zipo dawa zilizotengenezwa kwa kuilenga jeni moja iliyoharibika, na wagonjwa wamepona au wameishi miaka mingi kwa dawa hizo. Lakini mwaka 2015 ngozi za kope za watu wasio na saratani zilichunguzwa Uingereza, ikakutwa kwamba yapata robo ya seli zina makosa yale yale yapatikanayo ndani ya saratani, nazo zimetulia hazidhuru mtu. Kwa hiyo kosa katika seli si ugonjwa bado. Mwaka 2023 wataalamu wa London wakaonyesha kuwa moshi na vumbi la mijini huweza kuziamsha seli kama hizo zilizolala katika mapafu, kwa kuwasha uvimbe pembeni yake. Naona kauli mbili zinasogeleana, ijapokuwa wenyewe bado wanabishana kwa ukali.

Je, tungojee mpaka wamalize kubishana? Pott hakungoja. Mwaka 1983 Harald zur Hausen wa Ujerumani alikikuta kirusi cha papiloma katika saratani ya shingo ya kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo yake ilipatikana mwaka 2006. Tanzania iliianza kwa wasichana nchini kote mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Nimesikia barazani wazazi wakisema, "Binti yangu ana stara, chanjo hiyo si yake," na wengine wakisema itawafanya tasa. La pili halina ushahidi. La kwanza nalijibu mimi kwa kuwa ni la watu wetu: kirusi hiki hupita katika maingiliano ya mume na mke, na binti mwenye stara ataolewa kwa halali na mwanamume ambaye hajui alichonacho, kwani wanaume hukibeba bila dalili. Stara ya binti haimkingi na yaliyomo mwilini mwa mumewe. Binti zangu wawili wamechanjwa. Na mama zao wapimwe pia, maana dalili za mwanzo huonekana na kutibiwa miaka mingi kabla ya saratani.

Baada ya wiki tatu nilikwenda nyumbani kwa yule kijana baada ya sala ya magharibi, nikamkuta na bibi yake. Nikawaambia wote wawili kwamba saratani ya titi haiambukizi, si kwa sahani, si kwa kikombe, si kwa kumkumbatia mgonjwa wala kulala naye kitanda kimoja. Nikaeleza kwamba hata zile saratani zenye virusi, kinachopita ni kirusi, nacho aghalabu hakimfikishi mtu kwenye saratani. Na kwamba kuna mbwa ambao saratani yao huhama kwa kupandana, lakini kwa wanadamu haihami katika maisha ya nyumbani. Nikamwambia kijana kwamba asiyefanya sawa ni mimi, si yeye, wala si bibi yake, kwani walinifuata mimi. Kijana aliinamisha kichwa, akauliza kama angaliweza kula naye hata siku za mwisho. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu, hata siku za mwisho."

Bibi yake alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi, Maalim, kama si kuambukizwa, yeye ilimwanzia wapi? Hakuvuta sigara, hakunywa, alinyonyesha watoto wanne." Nikamjibu kuwa mambo hayo hupunguza hatari lakini hayaiondoi, na kwamba daktari aweza kusema katika wanawake elfu wangapi watapatwa, lakini akiletwa mmoja mbele yake, hawezi kumwambia hili lako lilianza siku fulani kwa sababu fulani. Nikamwambia na lile la mwisho nililolijua, kwamba mabinti zake wengine wawili wana hatari zaidi kwa kuwa ni dada zake, nao waende wakapimwe mapema. Akaniuliza siku gani kliniki iko wazi. Nikasema Jumanne na Alhamisi, na kwamba mke wangu naye anakwenda Jumanne, waweza kufuatana.